Mwenye bastola ndiye awe wa kwanza kuomba radhi barabarani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niandike juu ya jambo ambalo sisi wamiliki halali wa silaha hatulizungumzi hadharani, na hata tunapokutana wenyewe kwa wenyewe tunalipita kimya, nalo ni hasira ya mtu aliyeshika usukani huku ana bastola kiunoni. Nakaa Kitangiri, hapa Mwanza. Kwa zaidi ya miaka 20 nilikuwa nikinunua mabondo ya sangara, yaani vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki huyo, katika mialo, yaani sehemu wavuvi wanaposhushia samaki, ya Igombe na Kayenze na kule visiwani Ukerewe, na kwa kuwa wavuvi wengi hutaka fedha taslimu mkononi, nilisafiri na mfuko ambao kila mtu mwaloni alijua una nini ndani. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa nilipoomba kumiliki bastola, nikajaza fomu, nikahojiwa, nikachukuliwa alama za vidole, nikasubiri kwa muda mrefu, hatimaye nikapewa. Mwaka 2016 tulipotakiwa kupeleka silaha zetu kuhakikiwa, nilipanga foleni na wenzangu na kitabu changu cha leseni mkononi. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayeandika si mtu anayezichukia silaha, na wala sijawahi kutiliwa shaka na polisi. Ninayoyaandika yananihusu mimi, mtu ambaye karatasi zake zote zilikuwa sawa.

Jioni moja ya mwezi wa saba, miaka sita iliyopita, nilikuwa natoka Buhongwa kuelekea mjini kwa barabara ya Kenyatta, na foleni ilikuwa ndefu. Nilipofika Mkuyuni, daladala moja iliyokuwa ikipita nje ya lami, kule wanakotembea watu wa miguu, ilinichomekea kwa nguvu na kuking'oa kioo changu cha pembeni, na badala ya dereva kusimama, konda wake alitoa kichwa dirishani akanitukana tusi la mama. Mama yangu alikuwa amefariki miezi minne kabla. Konda hakulijua hilo na hakuwa na namna ya kulijua, lakini mimi nililipokea tusi lile kana kwamba amelitupa juu ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado haujashuka.

Nikamfuata. Kutoka Mkuyuni hadi Igogo si mbali, na kwa foleni ile nilikuwa na dakika nyingi za kutosha kuachana naye. Nilipita vichochoro vya kukunjia kushoto, nikapita vituo vya mafuta ambavyo ningeweza kuingia nikapaki nikanywa maji, nikavipita vyote bila kuviona. Nilichokiona ni mgongo wa daladala ile na namba zake tu. Iliposimama Igogo kushusha abiria, nilisimama nyuma yake, nikashuka, nikauacha mlango wangu wazi na mfuko wa fedha juu ya kiti. Mhariri, naomba msomaji alitazame jambo hilo vizuri, kwa sababu mimi limenisumbua kuliko mengine yote: fedha zile ndizo nilizoziombea silaha, na kwa ajili ya tusi niliziacha barabarani penye watu, nikaichukua silaha peke yake.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekwisha kupita chini ya shati. Dereva alishuka upande wake, kijana wa umri wa mwanangu wa tatu, akanikabili, akaziona mvi zangu, akasema, "Shikamoo, mzee wangu." Nami, kabla sijafikiri lolote, nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Marahaba."

Kila aliyelelewa katika nchi hii anajua uzito wa kupokea shikamoo ya mtu. Ukiitikia, umekubali kuwa mzazi wake kwa muda ule, na mzazi hawezi kuendelea na kile nilichokuwa nimekikusudia, ingawa hata mimi siwezi kuapa kwamba nilikuwa nimekikusudia nini. Kijana akasema, "Nisamehe, baba, nilikuwa nawahi hesabu ya bosi. Kioo nitakulipa, hata kama ni kidogo kidogo." Nikautoa mkono polepole, nikijifanya naweka shati sawa, nikamwambia haina shida, nikarudi kwenye gari. Miguu ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba nilikaa pale kama robo saa nikiwa siwezi kukanyaga klachi.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya shikamoo iliyochelewa. Kama kijana yule na mimi tungekutana kwa miguu, katika njia nyembamba za soko la Kirumba Mwaloni, angenipisha na angeniamkia kabla hatujapishana. Hata kama angenikanyaga, angesema "samahani, mzee" na mimi ningesema "hakuna neno". Ndani ya magari hatuonani. Mimi nina vioo vyeusi, yeye ana abiria waliosimama mpaka mlangoni; yeye anaona gari kubwa la mtu anayejiona, mimi naona daladala la wahuni, na ile heshima ambayo lugha yetu imetutengenezea kwa ajili ya watu wasiojuana inakosa mahali pa kupitia. Mtu mzima aliyezoea kuamkiwa anapokosa heshima hiyo barabarani huumia zaidi ya anavyoweza kueleza, na kama ana bastola, kiunoni mwake kuna kitu kinachomwambia kwamba heshima inaweza kudaiwa kwa njia nyingine. Hapo ndipo hatari ilipo, na wanaotukabidhi silaha hawatuambii.

Baadaye nilimuuliza daktari mmoja ninayefahamiana naye kilichonipata katika zile dakika. Alinieleza kwamba mtu akihisi ametishwa au amedhalilishwa, mwili humwaga homoni ya adrenalini, moyo huenda mbio, damu hukimbilia kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono, macho huacha kuona ya pembeni yakabaki na kile kilicho mbele tu, na masikio huweza kuziba kwa sauti nyingine zote. Vidole, ambavyo hufanya kazi ndogo na za uangalifu, hupoteza ustadi wao. Nilipomsikiliza nilielewa kwa nini sikuviona vituo vya mafuta. Nikaelewa pia kwamba mtu aliye katika hali hiyo ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuwa na kidole karibu na kifyatulio, kwa sababu hana macho ya kumwona mtoto aliyeko pembeni, hana masikio ya kumsikia anayemwita, na kidole chenyewe si chake tena. Daktari aliniambia kwamba hali hiyo haitulii kwa kujiamrisha utulie. Hutulia kwa muda, na kwa kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Ushauri huo ulionekana mdogo mno mbele ya jambo kubwa kama lile, lakini nimeutumia mara nyingi, na unafanya kazi.

Wapo watu waliokwisha kulichunguza jambo hili kitaalamu. Mwaka 1967 huko Marekani, Leonard Berkowitz na mwenzake Anthony LePage walichapisha matokeo ya jaribio ambamo vijana wa chuo kikuu walikasirishwa makusudi, kisha wakapewa nafasi ya kumrudishia aliyewakasirisha kwa kumpiga shoti ndogo za umeme. Waliokasirishwa wakiwa katika chumba chenye bunduki na bastola mezani walirudisha shoti nyingi kuliko waliokasirishwa mahali pasipo na silaha. Wapo watafiti wengine waliorudia jaribio la namna ile wasipate matokeo yaleyale, kwa hiyo sitaki mtu alichukue kama msahafu. Lakini mimi niliyetembea na chuma hicho kwa miaka mingi najua kwamba kina sauti yake. Kuna siku niliendesha bila bastola kutoka Usagara hadi mjini, nikachomekewa mara tatu, na nikagundua jioni kwamba sikuwa hata nimepiga honi.

Najua wapo wenzangu watakaosema: mimi nisingefyatua, ningemwonyesha tu ili ashike adabu. Nimewasikia wakisema hivyo na wengine ni watu wazima wenye heshima zao. Kwanza sheria haioni kuonyesha kama jambo dogo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 89 inalitaja kuwa kosa tendo la kumtishia mtu kwamba utampiga risasi kwa nia ya kumtia hofu au kumuudhi, na vilevile tendo la kufyatua silaha kwa nia ya kushtua watu, hata kama risasi imekwenda hewani. Kwa hiyo yule aliyekuwa mwenye haki kwa sababu kioo chake kimevunjwa, akishaichomoa bastola anageuka kuwa mtuhumiwa, na yule aliyekivunja anageuka kuwa mlalamikaji.

Pili, na hili linatuhusu sana sisi wa hapa, barabara zetu hazina watu wawili tu. Gari likigusana na pikipiki pale Mabatini, kabla hujafungua mlango bodaboda kumi wamekwisha kukuzunguka, na watu wa sokoni nao wanakuja. Mbele ya watu hao wewe ni mtu aliyevaa nguo za kawaida ambaye ghafla ametoa bastola. Hakuna aliyesoma kitabu chako cha leseni. Atatokea mmoja atakayepiga kelele ya "jambazi!", na sote tunaijua ile sentensi ambayo magazeti, likiwemo hili ninaloliandikia, yamezoea kuiandika kuhusu wananchi wenye hasira kali. Jiji hili limejengwa juu ya mawe. Hakuna mahali ambapo mtu anahitaji kutembea hatua tano kupata jiwe. Utakuwa na risasi chache dhidi ya kundi lote, na kila mmoja katika kundi lile ataamini kwa moyo safi kwamba anawaokoa wenzake. Na kama watakaotangulia kufika ni polisi, nao wataona kitu kilekile: mtu mwenye silaha mkononi katikati ya vurugu, na watakuwa na muda mfupi sana wa kuamua.

Tatu ni risasi yenyewe. Risasi ya bastola ya milimita 9 hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 350 kwa sekunde, na isipokutana na kizuizi inaweza kusafiri zaidi ya kilometa moja. Sasa msomaji asimame Igogo au Mabatini atazame juu. Nyumba zimepanda mlima, moja juu ya nyingine, mabati yanang'aa katikati ya miamba, watoto wanacheza juu ya mawe na akina mama wameanika nguo. Ukifyatua hewani ukiwa barabarani katika jiji hili, hewa hiyo ni sebule ya mtu. Ukifyatua chini au pembeni, risasi inaweza kugonga jiwe ikaruka upande ambao hakuna aliyeutarajia. Nimewahi kusikia mtu akisema kwamba yeye ana shabaha nzuri, na sikumbishia, lakini shabaha aliipata akiwa amesimama wima, ametulia, mbele ya karatasi isiyomtukana.

Kuhusu kujihami, naomba niseme kwa uangalifu kwa sababu mimi si mwanasheria. Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 18A hadi 18C, inampa mtu haki ya kujilinda mwenyewe, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini inamruhusu kutumia nguvu ya kiasi kinachostahili tu, na inasema wazi kwamba anayesababisha kifo kwa kutumia nguvu iliyopita kiasi katika kujihami atakuwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Haki ya kuua katika kujilinda imefungwa kwenye hali kama ya mtu mwenye sababu ya kweli ya kuogopa kwamba atauawa au kujeruhiwa vibaya. Tusi halimo humo, wala kioo cha pembeni. Wapo wanaojifariji kwamba wakitukanwa sana sheria itawaelewa, kwa kuwa ipo hoja ya kukasirishwa ghafla, na ni kweli ipo. Lakini hoja hiyo hata ikikubaliwa haimfungulii mtu mlango wa kurudi nyumbani, inalishusha tu kosa kutoka kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Nami niliyemfuata mtu kutoka Mkuyuni hadi Igogo ningeieleza nini mahakama? Ningesema nilikuwa najihami na mtu aliyekuwa anakwenda zake? Kumfuata kwenyewe kungenishtaki kabla ya shahidi yeyote kufungua kinywa.

Sipuuzi hatari ya kweli. Wafanyabiashara wa dhahabu wanaokuja kutoka Geita, wenye vituo vya mafuta wanaobeba mauzo ya siku, wanunuzi wa ng'ombe wanaokwenda minadani na wanunuzi wa samaki kama nilivyokuwa mimi tumeomba silaha kwa sababu wenzetu wamewahi kusimamishwa usiku kwa magogo yaliyolazwa barabarani, na wengine hawakurudi. Lakini jambazi aliyeweka gogo hakutukani mama yako. Hana haja hiyo. Mtu anayekutukana kwa sababu umemzibia njia hana mpango na mfuko wako, na baada ya dakika tano hatakumbuka hata rangi ya gari lako. Hatari hizi mbili hazifanani hata kidogo, na kosa letu ni kutumia dawa ya moja kwa ugonjwa wa nyingine. Hata katika ile ya kwanza, mwenye gari linalotembea ana jambo bora la kufanya kuliko kushuka: kuondoka, kwa kurudi nyuma kama mbele hapapitiki.

Nina fikra moja ambayo labda ni ya mzee tu, lakini naomba niiseme. Kwa miaka mingi wote tuliokuwa tukienda Sengerema na Geita tulisimama Kigongo kusubiri kivuko cha kwenda Busisi. Tulilalamika sana juu ya kusubiri kule, na tulikuwa na haki ya kulalamika, maana wagonjwa walicheleweshwa na samaki waliharibika. Lakini madereva walishuka, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakasalimiana, na yule aliyekuovateki vibaya Usagara ulimkuta pale amesimama karibu nawe, mkaongea. Tangu daraja lilipofunguliwa Juni 2025 tunavuka kilometa zile tatu za maji kwa dakika chache, nami nalishukuru daraja lile kila ninapolipita. Hata hivyo nimeona kwamba haraka tuliyookoa pale tumekuja nayo mjini, na hakuna tena mahali ambapo dereva aliyekasirika analazimika kuzima gari na kumwona mwenzake usoni.

Kwa upande wangu nimebadilisha mengi. Siku ninayotoka na bastola naondoka nyumbani nusu saa mapema kuliko inavyohitajika, kwa sababu nimejifunza kwamba karibu kila hasira yangu ya barabarani ilianza na saa, ikamalizikia kwa mtu. Bastola haikai tena kwenye kiti wala kwenye kijisanduku cha katikati. Inakaa ndani ya mfuko wake kiunoni, imefungwa, na mikono yangu inakaa kwenye usukani ambapo kila mtu anaiona. Katika foleni nasimama mbali kiasi cha kuona magurudumu ya nyuma ya gari lililo mbele yangu yakigusa lami, ili nikitaka kuchepuka nipate nafasi, kwa kuwa mtu aliyebanwa kila upande hukasirika kama mnyama aliyebanwa. Mtu akinichomekea, nampungia mkono apite. Nikikosea mimi, na ninakosea, nainua mkono na kusema samahani hata kama najua hasikii, kwa sababu mdomo uliokwisha kutamka samahani ni mgumu kuugeuza kuwa wa matusi. Mtu akija dirishani kwangu anafoka, nashusha kioo kidogo tu, namwamkia kama amenizidi umri au naanza na habari za jioni kama ni mdogo, na nimeshangaa mara ngapi salamu peke yake imemnyang'anya maneno yote aliyokuja nayo.

Mtu akinifuata, sielekei nyumbani. Naelekea kituo cha polisi kilicho karibu, au kituo cha mafuta chenye taa na watu, na napiga simu nikiwa nimesimama, si nikiwa natembea, maana gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, na macho yakishuka kwenye simu kwa sekunde tatu umekwenda zaidi ya mita 40 bila dereva. Namba ya gari na rangi yake vinatosha kumpa trafiki. Daladala ina njia yake maalumu na mmiliki wake anajulikana. Hakuna daladala ambayo haiwezi kupatikana kesho asubuhi.

Zipo siku ambazo bastola inabaki nyumbani kwenye sanduku lake la chuma, na siku hizo naziamua kabla sijavaa viatu. Nikitoka msibani, nikiwa nimegombana na mtu, nikiwa sikulala, haitoki. Nikijua kwamba huko ninakokwenda nitakunywa hata bia moja, haitoki, na gari nalo halitoki. Mwanangu aliwahi kuniuliza ina faida gani basi kuwa nayo kama inalala siku nyingi hivyo, na nilimjibu kwamba silaha iliyolala haijawahi kumfilisi mtu.

Lipo pia la kuwaambia vijana wa daladala, michomoko (zile gari ndogo za abiria) na bodaboda, ingawa barua hii si yao hasa: tusi la mama si honi, na hamjui ni nani mnayemtukana wala amezika nani. Nimewasikia makonda wakitukana huku wanacheka, bila chuki yoyote, kama sehemu ya kazi. Anayepokea hacheki.

Ombi langu kwa wanaohusika na utoaji wa leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ni kwamba mwombaji aulizwe zaidi ya kwa nini anaitaka silaha na ataihifadhi wapi. Aulizwe anaendesha gari saa ngapi na katika barabara gani, aulizwe mara ya mwisho alipomfuata mtu barabarani ni lini, na akae darasani hata kwa siku moja na askari wa usalama barabarani pamoja na mtaalamu wa afya ya akili, wamwonyeshe kinachotokea katika mwili wa mtu aliyetukanwa. Tunapokwenda kuhuisha leseni, maswali hayo yarudiwe, kwa sababu mtu aliyekuwa mtulivu alipopewa silaha huenda amefiwa, ameachwa au amefilisika tangu hapo. Mimi nilipofiwa hakuna aliyeniuliza, na sidhani kama ningejua la kujibu. Kama darasa la namna hiyo litaanzishwa katika mkoa huu, niko tayari kwenda kusimulia niliyoyasimulia hapa, kwa jina langu na kwa sura yangu, mbele ya wamiliki wenzangu.

Kijana yule alinilipa kioo changu kwa awamu tatu, bila kukumbushwa. Bado anaendesha njia ileile, na tukipishana Mkuyuni hunipigia honi fupi ya salamu nami nikamwinulia mkono. Hadi leo hajui mkono huo ulikuwa wapi wakati alipokuwa ananiamkia.

Wako,
Mnunuzi mstaafu wa mabondo,
Kitangiri, Mwanza.
(Naomba jina langu lihifadhiwe.)